Kongamano la teknolojia ya sheria: nyota mbili, na moja ni ya huruma

Nianze na nyota nisije nikazisahau kwa hasira: mbili. Moja ni ya haki kabisa, ya mama aliyefundisha kuficha maandishi kwenye PDF. Ya pili nimeitoa kwa sababu waandaaji walionekana wamechoka.

Kilichonichefua ni kipindi cha vitendo cha kuchakata ushahidi wa kielektroniki, kile cha kulipia juu ya kiingilio. Ahadi ilikuwa tamu: njoo na laptopu yako, pakua sanduku la barua pepe la mfano katika faili la PST (faili la Outlook linalobeba barua zote pamoja), lichakate, ondoa nakala, tafuta, chukua sampuli, andaa nyaraka za kukabidhi upande wa pili. Hatua zote za kazi halisi kwa saa moja na nusu.

Kiungo cha kupakua kikatolewa humo humo ukumbini, kipindi kikiwa kimeshaanza.

Hebu tupige hesabu ambayo mtu alipaswa kuipiga kabla. Faili la gigabaiti 2 kwa watu 100 ni gigabaiti 200. Kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde, hata isipotumiwa na mtu mwingine yeyote, hizo ni saa nne na zaidi. Na waifai haigawi hata hicho chote, maana vifaa vinavyotumia antena moja hupokezana hewa ile ile, na laptopu iliyoko mbali, yenye mawimbi hafifu, hula muda wa wengine wote. Asilimia ya upakuaji ikafika tatu, ikaganda, ikaanza upya. Waliobahatika kupata faili wakakwama mbele zaidi: kompyuta nyingi za ofisi za mawakili zimefungwa, hazikubali kusakinisha programu bila nywila ya mtu wa TEHAMA. Kugawa flashi nako kusingesaidia sana, kwa kuwa milango ya USB mara nyingi imezibwa na ofisi hizo hizo.

Dawa yake inajulikana. Kiungo kitumwe wiki moja kabla, pamoja na hashi ya SHA-256, yaani alama ya kidole ya faili inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, ili kila mtu ahakiki kwamba faili limefika zima. Data iwe ndogo. Barua 500 zenye viambatisho zinatosha kufundisha kila hatua. Na programu iendeshwe ndani ya kivinjari, ili mwenye laptopu iliyofungwa naye afanye kazi.

Mtandao kuanguka ningeusamehe. Mwezeshaji akahamia kwenye slaidi, sawa. Halafu dada mmoja karani wa sheria, aliyekaa safu ya mbele, akauliza: saa za eneo zinawekwa lini, kabla ya kuchakata au baada? Akajibiwa, kwa tabasamu la kumkatisha, "Hayo waachie mafundi, ninyi ni wanasheria." Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka.

Swali lile lilikuwa la maana kuliko slaidi zake zote. Barua iliyotumwa saa 22:30 tarehe 31 Desemba kwa saa ya UTC (saa ya rejea ya dunia), ukiichakata kwa saa ya UTC+3, inasomeka 01:30 tarehe 1 Januari. Kama amri ya mahakama inadai nyaraka hadi mwisho wa Desemba, barua hiyo imetoka nje ya mpaka bila mtu kuifuta. Ndiyo maana saa huchaguliwa kabla ya kuchakata, pande mbili zikikubaliana kwa maandishi, na kwenye programu nyingi kuibadilisha baadaye ni kuchakata upya. Fundi hasaini hati ya kuthibitisha kwamba nyaraka zimekamilika. Wakili ndiye anayesaini.

Na nakala pia alizipitia mbio mbio, "programu inaziondoa yenyewe." Inaziondoaje? Husoma mtumaji, wapokeaji, tarehe, kichwa, mwili wa barua na viambatisho, ikatoa hashi moja. Programu mbili zinazosoma sehemu tofauti hutoa hashi tofauti kwa barua ile ile, hivyo orodha ya hashi ya programu moja haikusaidii kwenye nyingine. Ukiondoa nakala kwa jumla, badala ya sanduku kwa sanduku, lazima ubaki na orodha ya kila aliyekuwa nayo, la sivyo unapoteza ushahidi kwamba mkurugenzi naye aliipata. Na kiambatisho hakiondolewi peke yake hata kama kipo kwingine. Barua na viambatisho vyake ni familia, huondoka pamoja au hubaki pamoja. Haya ndiyo tuliyoyalipia.

Sasa nikimkumbuka yule mama wa PDF, natamani kuongeza nyota ya tatu. Alianza na waraka wa Januari 2019 wa mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Trump, uliowasilishwa mahakamani ukiwa na sehemu zilizofunikwa kwa weusi. Waandishi wa habari wakazichagua, wakanakili, wakabandika, maneno yote yakatokea. Akaeleza kwa nini: kisanduku cheusi kimechorwa juu, tabaka la maandishi liko palepale chini. Vipimo vyake ni vya dakika mbili: chagua ukurasa wote ubandike kwenye faili tupu la maandishi, tafuta jina lililofichwa, kagua maoni, alamisho na jina la faili lenyewe. Ukiwa na shaka, geuza kurasa kuwa picha, kisha programu izisome maandishi yake upya (OCR). Hakuhitaji waifai hata kidogo.

Mabanda ya akili mnemba nayapita haraka. Kila banda lilitaja kesi ya Marekani ya Mata v. Avianca, mawakili waliotozwa dola 5,000 mwaka 2023 kwa kunukuu kesi zilizobuniwa na ChatGPT, kama mganga anayetisha wagonjwa kabla ya kuuza dawa. Beji yako wanaiskani kwanza, salamu baadaye. Ukiuliza wanapimaje nyaraka muhimu zilizoachwa kwenye rundo la kutupwa, lile ambalo programu imeliona halihusiki, wengi wanakupa kipeperushi. Banda moja tu lilijibu: chukua sampuli nasibu ya nyaraka 385 kutoka rundo hilo, kwa uhakika wa asilimia 95 na pengo la asilimia 5 juu au chini. Ukikuta 4 muhimu, kwenye rundo la 400,000 kadirio ni kama 4,000 zilizoachwa, na pengo hilo ni pana mno kulitegemea, ongeza sampuli. Kijana aliyenieleza hayo alistahili kushika ile maikrofoni.

Nilikuwa karibu kuandika tatu. Ikaja barua ya waandaaji ya kushukuru washiriki, eti kulikuwa na "changamoto ndogo za mtandao", na ada ya kipindi hairudishwi. Zibaki mbili. Yule dada hakutajwa popote, wala hakuombwa radhi.

Mwakani huenda nikaenda tena, kwa tiketi ya ukumbi tu. Anayetaka vipindi vya vitendo awaulize kwanza, kwa barua pepe ili jibu libaki: data inatumwa lini, ina ukubwa gani, na programu inahitaji kusakinishwa au la. Wasipojibu yote matatu, asilipe.