Matembezi ya kuongozwa Riyadh: mji mzuri, kampuni siipendekezi (au labda kwa sharti)

Nitangulie kusema kwamba sina ugomvi na Riyadh wala na makumbusho yake. Ugomvi wangu ni na kampuni iliyotutembeza, ambayo jina lake nitalihifadhi, inayojinadi kwa wageni kutoka Afrika Mashariki kuwa ina viongozi wanaozungumza Kiswahili. Kiswahili hicho ndicho kilichonifanya nilipe zaidi ya wanavyotoza wengine, kwa kuwa mama yangu alikuja kunitembelea majira ya baridi baada ya kumaliza Umra, nami nilitaka aelezwe mambo kwa lugha yake. Kiswahili tulikipata kweli, na heri tungekikosa, maana ukali wa mtu usiyeelewa asemalo una nafuu yake.

Tulianzia Masmak, ngome ya matofali ya udongo iliyojengwa karibu na mwaka 1865. Asiyeiona ngome hiyo hajaiona Riyadh, kwani ndipo Abdulaziz ibn Saud, mwasisi wa Saudi Arabia ya leo, alipovamia Januari 1902 akiwa na kikosi kidogo cha watu wake, akamwondoa gavana aliyewekwa na Al Rashid, ukoo hasimu, na kuurudisha mji mikononi mwa ukoo wake. Langoni kuna mlango mkubwa wa mbao za mtende, na katikati ya mlango huo kuna kijilango ambacho mtu mzima hawezi kukipita bila kuinama. Kando ya kijilango hicho, ukitulia na kutazama, utaona ncha ya chuma iliyozama ndani ya ubao, na husimuliwa kwamba ni ya mkuki uliorushwa siku ile ya mapambano. Mwenye haraka hupita asiione, na kiongozi wetu alikuwa na haraka tangu alipotuchukua hotelini.

Mama hakuwa na haraka. Yeye amefundisha chuo cha watoto kwa miaka mingi huko kwetu Pangani, na Kiarabu cha kusoma anacho, ijapokuwa cha kuzungumza kinamtatiza. Alivaa miwani, akasimama mbele ya ubao wa maelezo, akawa anaufuata mstari kwa mstari kwa kidole, bila kuugusa, huku midomo ikitikisika. Mhudumu mmoja wa ngome, mzee wa Kisaudi, alimwona akamletea kiti, kisha akaanza kumsomea taratibu yale maneno yaliyomshinda. Kwa hakika, katika matembezi yote hayo, sikuona jambo lililonifurahisha kuliko hilo. Ndipo kiongozi wetu aliporudi kutoka nje, simu ikiwa sikioni, akasema kwa sauti ya kusikika na wageni wote: “Bi mkubwa, hapa si chuoni. Hatuna muda wa kusoma kila ubao.” Mama akavua miwani, akainuka, akamshukuru yule mzee kwa Kiarabu, na tangu hapo hakuuliza swali lolote hadi tuliporudi.

Ningeweza kuyasamehe hayo kama muda ungekuwa kweli haba. Lakini mtu huyo asiye na muda alitupeleka moja kwa moja Souq Al Zal, soko la kale lililo hatua chache kutoka ngomeni, akatukalisha katika duka moja la udi na manukato kwa muda mrefu kuliko tuliokaa ngomeni, akinywa kahawa na mwenye duka na kutuhimiza tununue. Sihitaji kuambiwa kamisheni ni nini. Soko lenyewe ni zuri, lina mazulia na majambia ya zamani, ila sisi tuliyaona kwa mbali tu tukiwa njiani kuelekea dukani.

Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1999 wakati Wasaudi wakiadhimisha miaka 100 ya Kiislamu tangu kutekwa kwa Riyadh, yanahitaji nusu siku nzima. Ukuta wake wa magharibi umepindwa kwa mfano wa vilima vya mchanga vya nje ya mji, na ndani kuna kimondo kikubwa kilichotoka jangwa la Rub al-Khali, kisha kumbi zinazokupitisha kutoka falme za kale za Arabuni hadi habari za Hija. Ukumbi wa Hija ndio aliokuwa akiungojea mama. Tuliupita tukikaribia kukimbia.

Kwa haki, nilikuwa nimekusudia kuwapa nyota tatu, kwa sababu dereva alikuwa muungwana na jioni tulipelekwa At-Turaif huko Diriyah kama tulivyoahidiwa. Magofu yale ya udongo, yaliyokuwa makao ya dola ya kwanza ya Wasaudi hadi jeshi la Ibrahim Pasha kutoka Misri lilipoyaangamiza mwaka 1818, na ambayo UNESCO iliyaweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2010, hupendeza mno taa zikiwashwa, na kwa saa hiyo moja nilisahau hasira. Hata nilimwambia mama kwamba labda yule kiongozi amechoka tu. Lakini nilipowaandikia wenye kampuni kuhusu maneno aliyoambiwa, walinijibu kwamba kiongozi wao “anazingatia ratiba”, wakanipa punguzo kwa matembezi yajayo. Punguzo! Basi nyota ni moja, na hiyo ni ya dereva.

Anayezunguka na kundi la vijana wanaotaka picha tu huenda asione kasoro yoyote, na kwa mtu wa namna hiyo sitasema wasichukue kampuni hii. Mwenye mzazi, au mwenye kupenda kusoma, asiwalipe hata senti. Treni za mjini, mstari wa buluu, zina kituo cha Makumbusho ya Taifa na kingine cha Qasr al-Hokm kilicho karibu na Masmak, na nauli yake ni ndogo sana. Wiki iliyofuata tulikwenda hivyo, mama na mimi, na ukumbi wa Hija peke yake tulikaa hadi walinzi walipoanza kutuashiria kwamba wanafunga.