Jiko la kuni la udongo nlonunua Chake Chake, Pemba

Mwezi wa tatu huu nalitumia, la bati lenye udongo wa kuchoma ndani. Moshi haujaisha jamani ila umepungua sana, sufuria hazigandi masizi kama kwenye mafiga na bi mkubwa kaacha kukohoa kila nikichemsha muhogo. Siri yake kuni ziwe kavu na nyembamba, uache hewa ipite chini yake, ukizishindilia au ukitia makumbi mabichi ndo machozi yale yale. Lawama yangu miguu, wiki ya pili tu ishalegea, nikisonga ugali linacheza, nimeegemeza tofali. Na mdomo mdogo, gogo la mkarafuu haliingii mpaka upasue. Kabla hujalipa ligongegonge, likilia kama chungu chenye ufa liache hapohapo.