Bach 3C: Chaguo la Kwanza kwa Mpiga Tarumbeta

Mpiga tarumbeta anayetaka sauti bora bila kununua tarumbeta jipya aanze kwa kubadili kipande cha kupulizia, na ninachopendekeza ni 3C cha kampuni ya Bach. Wengi hujifunza kwa 7C cha kampuni hiyohiyo, chenye kipenyo cha ndani cha takriban milimita 16.2. Kipenyo cha 3C kimezidi kidogo tu, milimita 16.3, lakini ukingo wake wa ndani umeviringwa zaidi, hivyo haukati midomo upesi na sauti hutoka nene na tulivu. Kwa bendi za matarumbeta za makanisa ya Kilutheri Tanzania, zinazoongoza tenzi zenye beti nyingi, nafuu hiyo ni kubwa.

Mnunuzi asichanganywe na namba. Kwa Bach, namba ndogo humaanisha kikombe, yaani shimo la ndani linalopokea midomo, kipana, ilhali Yamaha hufuata mpangilio wa kinyume. Herufi C huonyesha kina cha wastani cha kikombe hicho.

Kasoro ninayoiona ni kwamba noti za juu hudai pumzi imara zaidi siku za mwanzo, kwa hiyo simshauri mtu akibadili katika juma la tamasha. Anayenunua kilichotumika akague ukingo kwa makini, kwa maana pale ambapo mpako wa fedha umebanduka, shaba iliyo wazi huweza kuwasha midomo. Kipande kikinasa kwenye bomba la tarumbeta, kisivutwe kamwe kwa koleo, kwani bomba hupinda. Fundi wa ala ana kifaa maalumu cha kukitoa salama.