Wahasibu waliotupimia impeamenti ya programu: kazi safi, ripoti hovyo

Wakuu, mlioniuliza kuhusu ile ofisi iliyotufanyia impeamenti (kupima kama mali bado ina thamani iliyoandikwa vitabuni) naandika hapahapa, jina silitaji. Sisi tunatengeneza programu ya stoo na mauzo ya maduka ya jumla, hela ya madevelopa imekuwa ikikapitalaiziwa kila mwaka, yaani inawekwa kwenye mali badala ya gharama, sasa odita akagoma kusaini mpaka aone hesabu ya mtu anayeijua IAS 36, kanuni ya kimataifa ya uhasibu kuhusu hiyo impeamenti. Ndo tukawapata hawa jamaa, ofisi ndogo tu Posta, Dar.

Nilichowapendea, hawakukimbilia Excel. Walianza na taimshiti, nani alifanya nini na lini, maana kwa IAS 38, kanuni ya mali zisizoshikika kama programu, hela ya utafiti ni gharama moja kwa moja, kwenye mali inaingia ile ya kuanzia pale mnapoweza kuonyesha kitu kinawezekana, mna nia na uwezo wa kukimaliza na kitaingiza hela. Ile miezi ambayo vijana walikuwa bado wanajaribu databesi ipi itafaa, mhasibu aliyekuwepo kabla yangu alikuwa kaiweka yote kwenye mali, wakaitoa. Na wakasema kabisa hiyo msiiite impeamenti, hilo ni kosa la miaka ya nyuma na lina utaratibu wake.

Halafu kuna moduli ya mikopo haijaanza kutumika. Bosi alijua kwa vile haijazinduliwa haihusiki, kumbe hiyo ndo inapimwa kila mwaka hata kama hamna dalili yoyote mbaya. Ile programu kuu inapimwa dalili zikiwepo, na zilikuwepo, wateja wanahama.

Sasa patamu ni kwenye makadirio ya hela itakayoingia. Bosi kaandika wateja watapanda asilimia 40 kila mwaka, yule dada aliyekuja akaangalia karatasi akauliza taratibu, "Mwaka jana mliongeza wangapi?" Kimya. Akakata pia mapato ya huduma ambazo hatujazitengeneza bado, kwa sababu thamani ya matumizi (hela ambayo kitu kitaingiza mkiendelea kukitumia, kwa thamani ya leo) inapimwa kwa kitu kilivyo leo, siyo kwa maboresho mnayoyaota. Bosi alinuna siku nzima hiyo. Kuiuza kungetupa hela pungufu ya hapo, na inachukuliwa iliyo kubwa, kwa hiyo ikabaki thamani ya matumizi: vitabuni milioni 180, hesabu ikatoa 112, milioni 68 ikaenda hasara. Kilichompoza bosi ni kusikia mambo yakikaa vizuri baadaye IFRS (kanuni za kimataifa za uhasibu) inaruhusu kuirudisha, japo haivuki pale ambapo thamani ya vitabuni ingekuwa kama isingekatwa. Wenzetu wa Marekani kwa programu kama hii hawana hiyo ruhusa.

Ripoti yenyewe sasa, mh. Kurasa kibao za kunakili vifungu vya IAS, halafu diskaunti reti (asilimia ya kugeuza hela ya miaka ijayo iwe thamani ya leo) ambayo ndo roho ya hesabu nzima imewekwa mstari mmoja bila maelezo, odita akairudisha siku hiyohiyo. Nikawabana wee mpaka wakaonyesha wameanzia hatifungani za serikali wakaongeza riski ya biashara yetu, na kwamba ni ya kabla ya kodi. Simu zenyewe wanapokea wakijisikia.

Bei iko juu. Kama mnanunua leseni tu kila mwaka hamna cha kupimiwa hapo, msipoteze hela. Mkienda, malipo ni nusu mwanzo nusu wakikabidhi, ila hakikisheni mkataba unasema watajibu maswali ya odita mpaka asaini, wetu haukuwa na hicho kipengele.