Digrii 90 Kisauni: uzoefu wangu na kipoozaji cha maji

Kompyuta hii niliiunda mwenyewe juu ya meza ya kulia, huku mke wangu akiniuliza chakula kitaandaliwa wapi. Ndani ina prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Ryzen 7 5800X. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, na hapa Kisauni, Mombasa, wakati wa kaskazi hata ukuta hutoa jasho, kwa hiyo niliona feni ya kawaida haitafua dafu. Nikanunua kipoozaji cha maji chenye rejeta (fremu ya mapezi ambamo maji hupoa) ya milimita 240, kwa shilingi 14,500. Jina la kampuni nalihifadhi, maana lawama nyingine ni zangu.

Kazi ya kwanza kubwa ilikuwa kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, ya harusi ya masaa mawili. HWiNFO, programu ya kupima joto, ilionyesha digrii 90 kabla sijamaliza kikombe cha kahawa. Hiyo 90 ndiyo kikomo cha 5800X. Ikifika hapo haiungui, hujipunguzia kasi yenyewe. Huoni moshi wala kompyuta haizimiki, unaona tu kazi ya dakika ishirini ikila nusu saa. Siku mbili nzima nilikuwa nikiilaumu programu ya video.

Nikafungua. Labda nimesahau kubandua plastiki chini ya bamba la shaba linalolalia prosesa? Wapi, nilikuwa nimeibandua. Pesti ya kupitishia joto ilikuwa imeenea vizuri, lakini nikaifuta kwa spiriti nikapaka nyingine, nisipate nafuu hata ya digrii mbili. Rejeta nimeifunga juu ya kasha, yaani juu zaidi ya pampu, kwa hiyo hewa iliyomo ndani haikai kwenye pampu. Kila kitu sawa na joto liko palepale.

Nikaibeba kwa fundi mjini. (Kuvuka daraja la Nyali kwa matatu ukiwa na kompyuta yenye ubavu wa kioo mapajani, sikuombei.) Akaigonga kwa kidole, akatega sikio. "Shekhe, hii maji yake yameisha. Niachie niijaze, ama uchukue mpya, ninayo." Nikamuuliza ataijaza maji gani, akanionyesha mtungi. Sasa maji yetu ya visima mnayajua, sabuni haitoi povu. Uyatie kwenye vijia vyembamba namna ile, chokaa itaviziba mapema. Vipoozaji hivi hufungwa kiwandani vikiwa na mchanganyiko wenye dawa ya kuzuia kutu, na ukikifungua waranti umeiua. Nikamshukuru, nikachukua mzigo wangu.

Jibu nililipata kwa mkono mtupu. Prosesa ikiwa 90, niligusa rejeta: baridi. Hewa ya feni zake nayo ilikuwa ileile ya chumbani. Prosesa inaungua na rejeta haina habari! Basi mwenye kosa ni mjumbe wa katikati, pampu. Kuingia kwenye bayosi, mipangilio ya ndani ya kompyuta, naikuta inazunguka mara 1,100 kwa dakika, na boksi lake linasema 2,800. Waya wake nilikuwa nimeuchomeka SYS_FAN, pahali pa feni za kasha, ambapo umeme hupanda na kushuka kufuata joto la madabodi, ile bodi kuu. Madabodi ilikuwa poa, basi pampu ikawa inasinzia. Nikauhamishia AIO_PUMP, pahali pa pampu, nikaiacha kasi kamili muda wote.

Harusi ileile, digrii 83. Nilitarajia chini ya hapo, lakini kipoozaji cha maji si friji. Kinachukua joto la prosesa na kulimwaga kwenye hewa ya chumba, na chumba changu mchana ni digrii 31. Ukiona mtu anajisifia 70 kwenye chumba cha digrii 21, jiongezee kumi zako. Na 5800X nayo ina ubishi wake: viini vyake vyote vinane vya kufanyia kazi vimebanana kwenye kipande kimoja kidogo, joto linatoka pahali padogo mno, na hilo maji hayalitibu. Nikawasha Eco Mode, hali ya kubana umeme, ya wati 65. Ikashuka hadi 67, na kurenda harusi ile, kulikokuwa dakika 19, kukawa dakika 21. Dakika mbili sigombani nazo, hasa sasa ambapo feni zimenyamaza hadi adhana naisikia.

Miezi minane baadaye, skrubu za rejeta zimeshika kutu kwa hewa ya bahari, na vumbi lenye unyevu hunata kwenye mapezi yake. Kila mwezi napitisha brashi. Kama chumba chako hakina AC, ningekushauri ununue kipoozaji kikubwa cha hewa chenye feni mbili. Hakina pampu ya kufa, na chenji inabaki.

Changu nitakitumia hadi kichoke. Nyota tatu kati ya tano. Ya nne ningeitoa kama kijitabu chake kingeandika, hata kwa mstari mmoja, ule waya wa pampu uchomekwe wapi.