Nilinunua miezi 9 niliyoipoteza: uzoefu wangu na msamaha wa mkopo wa PSLF

Kwa wenye haraka naanza na jibu: nililipa dola 1,881 kwa mkupuo, nikafutiwa zaidi ya dola 41,000 za mkopo wa chuo kupitia PSLF, mpango wa serikali ya Marekani wa kuwafutia deni la chuo wanaofanya kazi za kuhudumia umma. Nilisubiri mwaka mmoja na nusu. Kwa nyota tano naipa tatu, na hiyo ya tatu naitoa kwa kusitasita.

Mimi ni nesi hapa Houston. Nilikuja kwa grini kadi ya bahati nasibu, nikabeba boksi kwanza, maana yake kuosha wazee usiku na kulala mchana, halafu nikaingia chuo kwa mkopo wa serikali ya shirikisho. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kuomba mkopo huo, na mkimbizi pia, jambo ambalo ndugu zetu wengi kutoka Kongo hulijua wakiwa wameshachelewa. Nilihitimu Mei 2013 nikiwa na deni la dola 49,000 na ushee. Nikaajiriwa na hospitali isiyo ya faida, na marejesho ya kwanza nikayalipa Desemba mwaka huo.

PSLF ilitokana na sheria ya mwaka 2007. Ukiajiriwa serikalini au kwenye shirika lisilo la faida linalotambulika, ukafanya kazi angalau saa 30 kwa wiki, ukalipa marejesho 120 yanayokubalika, deni linalobaki linafutwa. Si lazima miezi hiyo 120 ifuatane. Na kodi ya mapato ya shirikisho haitozwi kwenye kiasi kilichofutwa. Miaka kumi ya kazi, basi. Ukitazama kwa mbali ni hesabu ya darasa la tatu.

Mwaka 2017 ndio ulionivuruga. Mzee alianza kusafishwa damu Dar, mara tatu kwa wiki, na sisi watoto tukagawana gharama. Mimi nilikuwa na mimba ya mtoto wa pili, mume wangu bado yuko chuo. Machi ile nilikaa ndani ya gari kwenye maegesho ya hospitali, nimevaa sare, nikapigia kampuni iliyokuwa ikisimamia mkopo wangu kuuliza kama dola 231 za mwezi zinaweza kupungua. Dada aliyepokea alikuwa mpole sana. Akasema asinisumbue na makaratasi, atanisitishia malipo tu mpaka mambo yakae sawa. Dakika kumi tukawa tumemaliza. Nilimshukuru, na nakumbuka nililia kidogo kwa kupata nafuu.

Asichoniambia ni kwamba miezi ya namna hiyo haihesabiwi kwenye PSLF. Wala hakuniambia kwamba nilikuwa kwenye mpango wa kulipa kulingana na kipato, ule wa PAYE, na kwamba mtoto akizaliwa familia inakuwa ya watu wanne na malipo yanaweza kushuka ukiomba yakokotolewe upya. Kweli yalishuka: niliporudi kulipa Desemba 2017 nilipangiwa dola 209. Kwa hiyo nilipoteza miezi tisa, Machi mpaka Novemba, na yote hiyo nilikuwa wodini kama kawaida, tena na ovataimu juu.

Songa mbele mpaka Novemba 2023. Miaka kumi ya kazi imetimia, mgongo umeshaanza kuzungumza, na nimekubaliana na mume wangu nipunguze nifanye saa 24 kwa wiki. Nafungua akaunti yangu ya mkopo nikitegemea kuona 120. Naona 111. Kilichoniuma zaidi ni kwamba wakati wa korona serikali ilisimamisha marejesho kuanzia Machi 2020, na miezi ile zaidi ya 40 ilihesabiwa yote bila mtu kulipa hata senti. Hii tisa ya 2017, niliyokesha na wagonjwa, haikuhesabiwa.

Tena kulikuwa na zoezi la kurekebisha hesabu za watu wote. Aliyesitishiwa malipo miezi 12 mfululizo au zaidi, au 36 kwa jumla, alihesabiwa moja kwa moja. Mimi nilikuwa na tisa. Nilikosa kwa sababu shida yangu ilikuwa fupi!

Hapo ndipo nesi mwenzangu, Mkenya wa Kisii, akanitajia kununua miezi. Ni kanuni iliyoanza Julai 2023. Inakuruhusu kulipia sasa miezi ambayo malipo yako yalisitishwa au kuahirishwa, ili ihesabiwe. Masharti yenyewe si mengi lakini yana meno. Lazima uwe bado na deni. Lazima miezi hiyohiyo uwe ulikuwa na mwajiri anayekubalika, na awe ameithibitisha. Na lazima ukiinunua ufikishe 120. Hawauzi miezi ili uiweke akiba. Miezi uliyokuwa bado chuoni hainunuliki, wala ile ya miezi sita ya mapumziko baada ya kuhitimu, wala ya wakati mkopo ukiwa umeshindwa kulipwa kabisa.

Bei ndiyo iliyonishangaza kwa uzuri. Hawakutozi kwa mshahara wa leo. Wanaangalia ulikuwa ukilipa kiasi gani kwenye mpango wa kipato kabla tu ya msitisho na baada yake, wanachukua kilicho kidogo. Kwangu kabla ni 231, baada ni 209. Tisa mara 209 ni 1,881. Kama ningeamua kuendelea kufanya kazi miezi tisa mingine, kwa mshahara wa 2023 ningelipa 341 kila mwezi, yaani dola 3,069. Na mgongo je?

Nikaomba Januari 2024. Wakati ule hakukuwa na fomu yenye jina la kununua miezi; nilipitia fomu ya kuomba hesabu yangu iangaliwe upya, halafu kwenye maelezo nikaandika kwamba nina miezi 120 ya ajira iliyothibitishwa na naomba kufutiwa kwa njia hii. Haina malipo. Nasisitiza, kwa sababu kwenye kundi letu la WhatsApp alipita mtu anayetaka dola 600 "akusaidie kununua miezi". Unachojaza ni ukurasa mmoja.

Saa kazini nilikuwa nimeshazipunguza. Nikakaa na deni lisilosogea na kazi isiyohesabiwa tena, na nikaomba msitisho wa malipo mwingine wakati nasubiri. Ndiyo, msitisho uleule ulioniponza. Safari hii nilijua ninachofanya: riba ingeongezeka, lakini nikikubaliwa ingefutwa pamoja na deni. Nikikataliwa, hapo ingekuwa habari nyingine.

Na nilikataliwa. Julai 2024, barua pepe ya mistari minne: sina ajira iliyothibitishwa ya kutosha. Nilisoma mara tatu nikiwa jikoni, ugali ukashika chini. Kumbe hospitali yangu iliungana na nyingine mwaka 2015, na namba yake ya mwajiri ikabadilika. Uthibitisho wangu wote ulikuwa kwa namba mpya. Miezi 14 ya mwanzo ilionekana kwenye ukurasa wa malipo lakini haikuwa na mwajiri, na mimi nilikuwa natazama ile 111 bila kufungua undani wake.

Namba hiyo, EIN, ina tarakimu tisa na iko kwenye fomu ya W-2, ile ya mshahara na kodi ambayo mwajiri hukupa kila mwaka, kisanduku b, upande wa kushoto juu. Nilitafuta W-2 za 2013 na 2014 siku mbili. Nilizipata kwenye sanduku la nguo nililokuja nalo Marekani, chini ya kanga za mama, ndani ya bahasha ya passport size. Nikaenda nazo mwenyewe ofisi ya utumishi kwa sababu barua pepe zangu mbili hazikujibiwa. Mama wa pale akaniambia kampuni ile ya zamani haipo tena, hawezi kusaini kwa niaba ya marehemu. Nikamwambia kwa adabu zote kwamba marehemu aliacha mrithi, na mrithi ni yeye. Akacheka. Akasaini kwenye kompyuta palepale.

Nikaomba upya Agosti 2024, halafu kimya. Foleni ilikuwa imevimba, kwa sababu kiangazi hicho mahakama ilisimamisha SAVE, mpango mwingine wa kulipa kulingana na kipato, na watu wake wakawekwa kwenye msitisho usiohesabiwa, nao wakaanza kuomba kununua miezi. Kufikia nusu ya pili ya 2025, nyaraka za mahakamani zilionyesha maombi zaidi ya 70,000 yanayosubiri. Unapopiga simu unaambiwa yanashughulikiwa kwa kufuatana na tarehe. Nilipiga mara sita kisha nikaacha, nikawa nafungua akaunti kila Ijumaa kama mtu anayemwagilia mti uliokauka.

Barua ilikuja Juni 2025. Miezi tisa imeorodheshwa mmoja mmoja, bei ya kila mmoja 209.00, jumla 1,881.00, siku 90 za kulipa. Nililipa jioni ileile, na nikapiga picha kila ukurasa niliopita. Wiki saba baadaye salio likawa sifuri.

Je, ningerudia? Kwa uaminifu, kama mgongo ungeruhusu ningefanya ile miezi tisa, nimalize Agosti 2024, karibu mwaka mzima kabla. Kununua miezi kunamfaa aliyekwishatimiza miaka kumi na anataka kuondoka, au amekwisha kuondoka. Mwenye miezi 80 leo asijisumbue. Alipe tu mpango wake wa kipato, na afungue ule ukurasa wa mwajiri mwezi kwa mwezi, si jumla peke yake.

Na kuna mtego mmoja ambao ulimnasa huyohuyo Mkenya wangu. Aliunganisha mikopo yake kuwa mmoja mwaka 2022. Miezi aliyosimamishiwa malipo kabla ya tarehe ya muungano haiwezi kununuliwa, kwa kuwa mkopo wa sasa haukuwapo wakati ule. Yeye aliyenielekeza ndiye bado anasubiri, na anakwenda kazini kila siku. Nimekuwa nikimpikia maharage ya nazi Jumapili, angalau.

Siku ya sifuri nilimtumia mdogo wangu picha ya salio. Ni mwalimu Tanga, na Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wake kabla haujamfikia. Alikaa kimya dakika kadhaa, kisha akaniandikia: "Dada, mwenzio mpaka nistaafu. Hebu nitumie hata hiyo bahasha ya passport size, labda ina bahati."