Jeevanjee: kivuli kizuri, kipaza sauti cha kuudhi

Majuma machache yaliyopita nilimpeleka mama kupumzika katika Bustani ya Jeevanjee, hapa katikati ya Nairobi, tulipotoka kliniki naye amechoka na miguu imemvimba. Tulipata benchi chini ya mti, akavua viatu, akaweka nyayo zake juu ya nyasi, akashusha pumzi ndefu. Kwa robo saa hivi sikuona mahali pazuri kuliko pale katika mji mzima.

Kisha akaja mhubiri mmoja na spika yake, akaiweka hatua tatu tu kutoka tulipoketi. Najua kwamba mahubiri ya saa ya chakula cha mchana ni mazoea ya siku nyingi pale, na wapo wanaokuja kwa ajili hiyo, kwa hiyo sikumlaumu kwa kuhubiri. Nilimwendea, nikamsalimu kwa heshima, nikamwomba aigeuzie ile spika upande wa pili kwa sababu mama ni mgonjwa. Hakunijibu mimi, alishika kipaza sauti akautangazia umati kwamba yule mama mwenye leso ya buluu ana pepo asiyelipenda Neno. Mama yangu, ambaye ameimba kwaya tangu ujana wake! Hakusema kitu. Aliinamisha kichwa, akawa analikunja pindo la leso na kulikunjua, kisha akaanza kutafuta viatu kwa miguu bila kutazama chini.

Niliapa kumwambia kila mtu asikanyage pale. A. M. Jeevanjee aliwapa watu wa mji bustani hii mwaka 1906, na mwaka 1991 ilipotakiwa kujengwa maghorofa, mjukuu wake Zarina Patel na Profesa Wangari Maathai waliipigania mpaka ikasalimika. Je, waliiokoa ili mgonjwa aondolewe kwenye benchi kwa matusi?

Hata hivyo, nikisema msiende nitakuwa nawadanganya. Tulipokuwa tukiondoka, mzee mmoja aliyekuwa akila njugu upande wa mbali alisogea, akampangusia mama nafasi kwa gazeti lake. "Keti, mama," alisema, "huyo atachoka kabla yako." Tulikaa hadi saa tisa, na viatu vikaingia miguuni bila shida.

Basi nendeni, ila nendeni asubuhi. Yule mhubiri bado ana deni la kumwomba mama yangu radhi, nami nikimkuta nitamdai, tena kwa kipaza sauti hicho hicho alichomtukania.